Pasi Mbili, Waya Mmoja

Niseme mapema, ili mtu asije akaniona mjinga huko mbele: kupiga pasi nilijua. Katika Korogwe ya wakati ule ungeweza kumpata mwanamke wa kunizidi kupika, na wa kunizidi sura walikuwapo wawili watatu, lakini mkunjo wa suruali ya kaki uliotoka mikononi mwangu ungeweza kukatia mkate.

Kazi hiyo niliirithi. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge upande wa Mnyuzi. Baba alikuja kwa mkataba kutoka kusini, mkataba ukaisha, yeye akabaki, kama walivyobaki wengi. Mama alifua na kunyoosha nguo za makarani wa shamba. Nilipoolewa nikahamia Masuguru, mjini, alinipa pasi yake ya mkaa, ile nzito yenye jogoo mdogo wa shaba mbele, na ndiyo iliyonipatia jina mtaani. Walimu waliniletea mashati, watu wa reli waliniletea suruali, na kila ikikaribia sikukuu watu walipanga foleni mlangoni kwangu utadhani nagawa sukari.

Lakini pasi ya mkaa ina tabia za mume mkorofi. Uipepee, uibembeleze, uizungushe ipate hewa, na bado itakutemea majivu juu ya shati jeupe la mtu. Msimu wa mvua nilikuwa nafunga dirisha na kufanyia kazi ndani, moshi na mvuke na mimi humo humo, na mkaa ukawa unanila kifua taratibu. Nilianza kukohoa Ramadhani, nikakohoa mpaka Idi, na Idi ikapita nikiwa bado nakohoa. Mganga wa zahanati alinisikiliza mgongo, akavua kile chombo chake masikioni, akaniambia bila kuzunguka.

"Mama, chagua. Uache mkaa au uache kazi. Ukishikilia vyote viwili, kifua kitakuchagulia chenyewe."

Nilirudi nyumbani nalia, tena kwa hasira. Kazi ile ilikuwa yangu. Sikuwa mwanamke wa kukaa kizingitini kumsubiri mume alete fedha ya chumvi, na sikutaka kuwa. Pasi ya umeme ingenitoa kwenye mkaa, na umeme tulikuwa nao, kwa kuwa Masuguru ilikuwa mjini. Ila maduka ya miaka ile yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Ukiulizia pasi ya umeme mwenye duka anakutazama kama umeulizia ndege.

Hapo ndipo mume wangu alipopata safari ya Marekani.

Alikuwa fundi wa mashine za kuchakata mkonge. Mashamba yalikuwa yametaifishwa baada ya Azimio, na serikali ikawa inawatafuta Waafrika wa kushika mitambo. Akachaguliwa kwenda kusoma miezi sita. Siku ya kumsindikiza stesheni nilimwambia jambo moja tu: "Usiniletee gauni. Usiniletee saa. Niletee pasi ya umeme."

Sasa lazima niwaeleze habari za mume huyu. Alikuwa na wake wawili, mimi nikiwa wa pili. Mke mwenzangu, mkubwa, alikuwa Mzigua, anaishi kijijini mbele ya mji wa Handeni, kwenye shamba la mahindi na mihogo. Alinizidi kama miaka minane, binti zake wawili walikwisha kuolewa, na mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kukaa chini ya paa moja zaidi ya siku ya arusi yangu. Mume alikuwa mtu wa haki. Namsifu, na bado ananichekesha. Akinunua kanga alinunua jozi mbili za rangi moja. Akinunua samaki aliwapima urefu kwa kiganja. Wenzake walimtania kwamba siku moja atakata embe kwa rula.

Kwa hiyo aliporudi na kufungua sanduku, mlitaraji nini? Pasi mbili. Pacha. Zinang'aa, zina mpini mweusi na kitufe cha kuzungusha cha joto, kila moja kwenye boksi lake. Moja yangu, ya Masuguru. Ya pili ya mke mkubwa, wa kijiji ambacho umeme haujawahi kufika hata katika hotuba.

"Atapigia wapi?" nikamwuliza.

"Hiyo si kazi yangu," akasema. "Kazi yangu ni usawa."

Jumatatu yake akapanda basi la Handeni na lile boksi la pili kapakata, kwenda kutimiza haki. Nami sikungoja arudi. Nilikuwa na mashati sita ya mwalimu, na kifua kilichokuwa kimeahidiwa kupona. Nikaichukua pasi yangu nikaenda kuichomeka, plagi ikakataa. Ya kwetu ilikuwa na pini tatu za mviringo, ile ya Marekani ilikuwa na meno mawili bapa. Leo nikikumbuka naona kabisa kwamba ile plagi ilikuwa inanionya. Kama kitu kimetengenezwa kisiingie, pengine hakitakiwi kuingia. Lakini mimi mtu akinikataza ndipo navaa viatu. Nikachukua kisu, nikaikata, nikazifunga nyaya kwenye plagi ya pini tatu iliyokuwa ya redio, nikatandaza shati la kwanza la mwalimu, nikachomeka.

Ilipata moto kabla sijamaliza kusema bismillahi. Sijawahi kuona. Niliigusisha shatini nikanusa harufu ya mkate ulioungua, nikainyanyua, na hapo hapo kukasikika "pa!" upande wa mita. Redio ya mwenye nyumba ikakata katikati ya matangazo ya vifo. Nyumba ile ilikuwa ya vyumba sita na mita moja, na kila chumba kilitoa kichwa.

"Nani?" akauliza mwenye nyumba kutoka barazani. "Nani kafariki? Sikusikia mwisho!"

Shati la mwalimu lilikuwa na alama ya pasi mgongoni, kahawia, imechorwa vizuri mpaka ncha.

Bahati yangu ilikuwa jirani. Chumba cha tatu aliishi mwanamke ambaye baba yake alikuwa fundi umeme kwenye shamba moja la mkonge upande wa Mazinde, naye alikuwa akija kumwona binti yake mara kwa mara. Siku hiyo alikuwapo. Mzee mfupi, ana penseli sikioni, anayeongea polepole kana kwamba maneno nayo yana gharama ya umeme. Akafunga waya mpya kwenye fyuzi, kisha akaja chumbani kwangu akaigeuza pasi kichwa chini.

"Shikamoo baba," nikasema, kwa sauti ndogo ambayo si yangu.

"Marahaba, mama. Kusoma unajua?"

"Najua."

"Soma hapa."

Kulikuwa na kibati kidogo cha chuma, kimechapwa namba. Nikasoma: mia moja na kumi.

"Huo ndio umeme wa kwao," akasema. "Wa kwetu ni mia mbili thelathini. Mara mbili na chenji. Umempa mtoto chakula cha mtu mzima, tena kwa mkupuo mmoja. Fyuzi ingekuwa nene kama zile watu wanazofungia waya wowote, sasa hivi tungekuwa tunazima paa."

"Imekufa?"

"Haijafa. Fyuzi imekufa badala yake, ndiyo kazi yake." Akaipima kwa kidude chake cha kupimia umeme, chenye sindano, akaridhika. "Ila usiichomeke tena hivi hivi."

Nikamwuliza basi niichomekeje. Akasema dawa ya kawaida ni transfoma, sanduku la chuma linalopunguza nguvu, lakini ya kubeba pasi lazima iwe kubwa, na hata Tanga hajui kama ingepatikana. Nikasikia kikohozi kinapanda. Nikamweleza habari ya mganga, maana nilikuwa nimechanganyikiwa, na nikamweleza mpaka habari za mume na haki yake na pasi ya pili inayokwenda kulala Handeni.

Mzee akaitoa penseli sikioni.

"Ziko mbili?" akasema. "Za aina moja kabisa?"

"Pacha."

Akacheka mpaka akakohoa yeye. "Basi mumeo kakuokoa bila kujua. Zinafungwa kwenye waya mmoja. Umeme unaingia pasi ya kwanza, unatoka, unaingia ya pili, ndipo unarudi ukutani. Zinagawana. Gunia moja, mabega mawili."

Lakini akatoa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyobadilisha maisha yangu. Lazima ziwe pacha, maana ukiiunganisha pasi na kitu kingine, mmoja kati yao ataumia. Vitufe vya joto viwekwe mahali pamoja. Kukiwa na jambo lolote, chomoa ukutani kwanza, kwa mkono mkavu na miguu yenye viatu. Na kubwa kuliko yote, zote mbili zifanye kazi kwa wakati mmoja. Pasi ikiachwa imesimama tu inachemka haraka, kidude chake cha joto kinakata umeme, na kwa kuwa waya ni mmoja, inamkatia na mwenzake. Anayekaa bure anampoza anayefanya kazi.

"Kwa hiyo," nikasema, "ili niweze kupiga pasi, lazima mtu wa pili apige pasi."

"Umeelewa, mama."

Mume aliporudi nilimweleza. Alifurahi kama aliyebuni yeye. Akarudi Handeni wiki ile ile kuiazima pasi, akaja mikono mitupu na ujumbe. Mke mkubwa alikuwa amemsikiliza, akamkaribisha chakula, akamjibu kwa utulivu: pasi yake haiendi mahali bila yeye mwenyewe.

Nilipiga kelele. Nilisema yote ambayo mke mdogo husema akiwa peke yake na mumewe. Kisha nikakohoa, tena kikohozi kirefu, na kilipoisha mume akaniuliza taratibu, "Nimwambieje?" Nikasema mwambie aje.

Akaja na basi la asubuhi. Alishuka na kikapu, kuku wawili, mzigo wa unga wa muhogo wa kupikia bada, na lile boksi la pasi kalifunga kwa kanga mgongoni kama mtoto. Nilimpokea mizigo, nikasema, "Habari za safari, dada?" Akanitazama kidogo. Kwao mke mdogo humwamkia mke mkubwa shikamoo, na mimi nililijua hilo. Ila ulimi wangu ulikuwa umekaza. "Za safari nzuri," akasema, akaingia ndani.

Fundi alitufungia waya mpya na tundu lake pekee ukutani, mwenye nyumba akiwa amesimama pale kuhakikisha redio yake haiguswi. Meza ikawekwa katikati ya chumba. Mimi upande huu, yeye upande ule, pasi mbili, waya mmoja.

Jamani, siku za mwanzo! Yeye hakuwa amewahi kushika pasi ya umeme, aliiogopa, akawa anaigusisha nguo na kuinyanyua kama anayepapasa paka wa watu. Pasi yake ikachemka, "tak," ikakata, yangu ikapoa katikati ya kola. "Dada, piga!" nikasema. "Napiga," akasema. "Hupigi, unaisalimia!" Siku nyingine mimi ndiye nilikuwa mkosaji: nimesimama mlangoni nabishana na mteja, huku nyuma pasi yangu imesimama, "tak," na yeye kimya kimya kafika nyuma yangu, kanivuta kanga. "Wewe maneno yako yananipoza," akasema.

Tukajifunza kwamba hatuwezi kupiga nguo za aina tofauti. Mimi nikiwa na kaki na yeye ana nailoni, vitufe vinagombana, na nailoni ikashika pasi ikatoka na tundu la kupitisha ngumi. Kwa hiyo asubuhi tulikaa chini kwanza, tukipanga mafungu: kaki kwa kaki, pamba kwa pamba, na za nailoni mwisho. Kupanga kunahitaji kuzungumza. Tulianza na kaki na pamba. Wiki ya pili tukafika kwa mume.

Niligundua kwamba alikuwa mcheshi. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Alikuwa na namna ya kumwigiza mume wetu akipima samaki, uso mzito, kiganja kimenyooshwa, mpaka nikalazimika kuchomoa waya ukutani nisije nikajiunguza kwa kicheko. Adhuhuri ikiingia alizima, hata tukiwa na kazi ya kutisha, tukaswali, tukala, pasi zikapumzika. Zamani, nilipokuwa peke yangu, nilikuwa naswali mbio mbio kama nakimbiza gari. Kikohozi kikapungua. Mwezi wa tatu nilimwendea mganga mwenyewe kumwonyesha kifua changu, kama mtu anavyoonyesha cheti.

Ungedhani hapo ndipo nilipomshukuru mke mwenzangu. Hunijui.

Mhandisi mmoja wa kigeni alikuwa anahama shambani, anagawa vitu, na mume akapata kwake sanduku la chuma zito kama jiwe la kusagia. Transfoma! Nikakimbilia kibati. Nilikuwa sasa mwanamke wa kusoma vibati. Upande mmoja mia mbili thelathini, upande wa pili mia moja na kumi. Nikapiga vigelegele.

"Muulize fundi kwanza," mke mkubwa akasema.

"Nimuulize nini? Namba si hizi?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema muulize."

Na mimi, kwa furaha yangu yote na ujinga wangu wote, nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho. Nikamwambia, "Dada, usihofu kukosa kazi. Pasi yako sasa inaweza kwenda kulala."

Alikunja nguo zake, akaifunga pasi yake katika ile kanga, akapanda basi la saa nne. Mume alikuwa kazini. Nilimsindikiza mpaka kona, halafu nikarudi mbio, maana kazi ilikuwa imejaa. Sherehe za Saba Saba zilikuwa zinakaribia, na kwaya ya akina mama wa chama ilikuwa imeniletea sare zote, magauni meupe ya pamba yenye marinda.

Nikaifunga pasi kwenye transfoma, nikachomeka. Ikapata moto vizuri, taratibu, kama mtu mwenye adabu. Nilifurahi sana. Nikapiga marinda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna wa kunivuta kanga. Adhuhuri ikaingia, nikasema nimalizie hili. Nikamalizia hili, nikaanza lile. Lile sanduku lilikuwa linanguruma chini ya meza, nikalichukulia kuwa ni sauti ya kazi. Kisha nikasikia harufu ya lami. Nikainama: moshi mweusi unatoka kwenye matundu yake. Angalau somo moja lilikuwa limeniingia, nilichomoa ukutani kwanza.

Fundi alilifungua siku iliyofuata. Alinionyesha namba nyingine, chini ya zile mbili, ndogo.

"Ulisoma volti, mama. Hukusoma mzigo. Hii ilitengenezwa kubeba redio na gramafoni. Umeibebesha pasi, tena kutwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imekwisha. Uzi wake wote wa shaba umeungua."

Nilikuwa nimejifunza namba moja nikadhani nimehitimu. Magauni yalikuwa bado yamebaki zaidi ya nusu, na akina mama wa kwaya si watu wa kuambiwa habari za volti. Nikaitoa pasi ya mkaa chini ya kitanda. Siku mbili nilipiga nayo, dirisha wazi, nimejifunga kitambaa puani, na siku ya pili jioni nilikohoa mpaka nikaketi chini sakafuni nikashika mguu wa meza. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kwamba mganga alikuwa amesema sawasawa, na kwamba kifua kimeanza kuchagua. Asubuhi nikamwachia jirani ufunguo, nikapanda basi la Handeni.

Vumbi la barabara ile sitalisimulia. Niliteremka, nikatembea, nikauliza njia, nikamkuta mke mwenzangu nyuma ya nyumba yake ana jembe. Mahindi yalikuwa ya kuchelewa, na magugu yalikuwa yamewahi. Sikungoja anikaribie. Nikapiga goti kwenye udongo ule ule.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema. Akanitazama juu mpaka chini. "Hiyo ni heshima au ni kikohozi?"

"Vyote viwili," nikasema, nikakohoa palepale, bila kupanga.

Akaniinua. Kwao mgeni haulizwi shida kabla hajala, kwa hiyo nilinawa, nikala bada na mlenda, nikangoja. Na nikiwa nangoja nikaiona. Pasi ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, waya wake umeviringwa vizuri, imefutwa mpaka naona dirisha ndani yake. Nyumba ilikuwa kimya. Kilichosikika ni kuku tu.

"Hukuwahi kuipiga hapa," nikasema. Lilikuwa jambo la kijinga kusema. Angeipigia wapi?

"Siku alipoileta nilifurahi," akasema. "Usifikiri sikufurahi. Majirani walikuja kuitazama, nikawapikia. Halafu wakaondoka, naye akaondoka, maana kazi yake iko kwenu huko. Nikabaki naitazama. Nikajisemea: mtu huyu anatupimia sawa. Kanga sawa, samaki sawa, pasi sawa. Ila umeme kampa mmoja." Akavuta uzi kwenye kitambaa. "Nilipomwambia haiendi bila mimi, mdogo wangu, si pasi niliyokuwa nailinda."

Niliinamia sahani yangu tupu nikaifuta kwa kidole. Mimi, niliyezaliwa na ulimi wa akiba.

Akainuka, akaifunga pasi kwa ile kanga yake, akaniwekea mapajani.

"Chukua. Kifua si cha kuchezea. Binti wa fundi yupo jirani yako, atakushikia upande wa pili."

Basi nilikuwa nimepata nilichokifuata. Kazi yangu ilikuwa mapajani mwangu, na pumzi yangu, na magauni ya akina mama wote wa chama. Nilichotakiwa ni kusema ahsante na kuwahi basi. Nikaiinua ile pasi nikairudisha mezani.

"Siichukui," nikasema.

"Utapigia nini?"

"Mkaa."

"Ufe?"

"Nikifa, wewe ndiye utakayebaki na yule mwanamume na rula yake. Twende wote, dada, au niache nirudi kwenye mkaa wangu. Binti wa fundi simtaki. Nakutaka wewe."

"Unanitisha?"

"Ndiyo. Nakutisha."

Akabana mdomo, kisha mdomo ukamshinda. "Hata ukiomba una kiburi," akasema.

"Ndivyo nilivyoletwa duniani."

"Na magauni ya watu?"

"Watanitukana mimi. Nimezoea."

Alitoka nje, nikamsikia anawafukuza kuku. Aliporudi alikuwa na jembe lake mkononi, na kwa mkono mwingine alinionyesha nyuma ya mlango, kulikoegemea la pili, kuukuu, la binti yake aliyeolewa.

"Siachi mahindi yangu yaliwe na magugu," akasema. "Tukimaliza, tunaondoka."

Nikafunga kanga kiunoni. Tulilima siku tatu, yeye mstari huu na mimi mstari ule, na sikukohoa hata mara moja.